Berakha: kwa nini ndizi si tunda la mti

Myahudi anayeshika dini akimenya ndizi, kabla hajaitia mdomoni ana swali la kujibu: mgomba ni mti au si mti? Jibu ndilo linaloamua atamke maneno gani.

Maneno hayo huitwa berakha, wingi wake berakhot. Ni ndugu wa "baraka" yetu iliyokuja kwa Kiarabu. Mzizi ni mmoja. Ila hapa hakibarikiwi chakula, anahimidiwa Mungu. Zote za vyakula huanza vilevile, "Umehimidiwa wewe, Mola Mungu wetu, mfalme wa ulimwengu", halafu mwisho ndio hubadilika. Bismillahi moja humtosha Mwislamu kwa wali, embe na maji. Kwa Myahudi kila aina ina maneno yake.

Mkate una hamotzi, "utoaye mkate katika ardhi", na husomwa baada ya kunawa mikono kwa utaratibu wake. Mkate hapa ni wa nafaka tano tu: ngano, shayiri na jamii zake. Mahindi hayamo, kwa hiyo mkate wa unga wa mahindi mtupu hauipati hamotzi, ushibishe utakavyo. Keki na tambi za ngano zina yake. Zabibu husomewa kama tunda lolote la mti, lakini zikishakuwa divai hupanda cheo na kupata berakha ya peke yake. Yapo matunda ya mti, yapo mazao ya ardhi. Nyama, samaki, mayai, maziwa na maji huingia kwenye shehakol: "ambaye kwa neno lake kila kitu kimekuwa".

Sasa ndizi. Kanuni ya Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi (walimu wa sheria ya Kiyahudi), ni kwamba ukishachuma tunda, shina likibaki na kuzaa tena, huo ni mti. Aliyewahi kukata mkungu anajua kinachofuata: mgomba ule umemaliza kazi, unafyekwa, na mkungu mwingine utatoka kwa chipukizi la pembeni. Kwa hiyo ndizi husomewa "uumbaye tunda la ardhi". Rabi Yosef Karo aliitaja waziwazi katika Shulhan Arukh, kitabu chake cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565.

Kwa nini ujisumbue hivyo? Hoja ya marabi naipenda. Zaburi ya 24 inasema dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Mungu. Zaburi ya 115 inasema nchi amewapa wanadamu. Ipi ni kweli? Zote mbili, wakajibu: ya kwanza ni kabla ya berakha, ya pili ni baada yake. Anayekula bila kuisoma ni kama aliyejichukulia mali ya Hekalu.

Baada ya kula mkate kuna shukrani ndefu, birkat hamazon, na hiyo msingi wake umo ndani ya Torati yenyewe, Kumbukumbu la Torati 8:10: ule, ushibe, umshukuru Mungu. Zile za kabla ya kula ziliwekwa na marabi.

Ukikosea je? Aliyesema "tunda la ardhi" juu ya chungwa hana deni, maana mti nao umesimama ardhini. Aliyesema "tunda la mti" juu ya karoti hajasoma kitu, arudie. Shehakol, kwa kuwa imebeba kila kitu, huokoa hata ikisomwa mahali pasipo pake. Lakini kusoma ovyo ili kujihami hakuruhusiwi, kwa sababu jina la Mungu halitajwi bure. Hata maji yana masharti: ukiyanywa kwa kiu, unasoma; ukipiga funda moja ili kidonge kishuke, na kiu huna, unameza kimya.