Kiti cha Jiwe cha Hexham: Mkosaji Hakulazimika Kukikalia

Wiki hii nimeulizwa tena, kwa picha ileile ya kiti cha jiwe kilichomo katika Abasia ya Hexham, kaskazini mwa Uingereza, kama ni kweli kwamba zama za kale, kanisa lilipoweza kumkinga mkimbizi asikamatwe, muuaji aliyewahi kukikalia kabla ya kukamatwa alikuwa amepona. Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole.

Kiti kimechongwa katika jiwe moja, mgongo na mikono vikizunguka pamoja kama nusu ya pipa, na juu ya mikono pana msuko wa nyuzi zinazopishana, kazi ya karne ya 7, zama za askofu Wilfrid aliyelianzisha kanisa hilo mnamo 674. Nani angemtilia mhalifu nakshi ya namna hiyo? Hexham ilikuwa makao ya askofu, na Mkatoliki yeyote aliyeshuhudia askofu akisimikwa anajua kwamba huketishwa kwenye kathedra yake, yaani kiti cha uaskofu; kwangu, hiki kilikuwa kiti cha namna hiyo. Nakiri kwamba kiti hakina hata herufi moja, hivyo hoja hii inasimama juu ya umbo na mahali tu. Kiti kama hicho kilichomo katika kanisa la Beverley, pia kaskazini mwa Uingereza, hakina hata nakshi, na umri wake tunaukisia kwa kukifananisha na cha Hexham.

Linaloniudhi hasa ni hilo neno "kukikalia". Richard, mkuu wa watawa wa Hexham katika karne ya 12, anaeleza kwamba ulinzi wa mkimbizi ulianzia nje kabisa ya kanisa, na kwamba faini ya aliyemkamata ilizidi kupanda kadiri mkimbizi alivyokamatiwa karibu na madhabahu, hadi kufikia kiti hicho, ambacho Waingereza walikiita kiti cha amani. Aliyemshika mtu hapo, kosa lake halikuwa na fidia yoyote, yaani hakuna malipo yaliyoweza kulifuta. Kiti, basi, kilipima ukubwa wa kosa la mfukuzaji. Huko Beverley misalaba ya mpaka ilisimama yapata maili moja kutoka kanisani, na daftari la wakimbizi la miaka ya 1478 hadi 1539 linaonyesha wauaji na wadaiwa wakipokewa kwa kiapo, si kwa mbio za kuwahi kiti.

Richard mwenyewe anakiita kathedra ya jiwe, jambo ambalo wenzangu wanaoamini kilikuwa cha askofu hulishangilia mno, ingawa kwa Kilatini neno hilo laweza kuwa kiti chochote. Tena anasema "katika kathedra", si "kando yake". Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hakuna mkimbizi hata mmoja aliyewahi kuketi pale.