Mashine ya kupimia kisima haioni chumvi

"Mashine imeona chumvi mita 30, usichimbe hapo." Kauli hii imezoeleka mno pwani, na kila nikiisikia naona haja ya kueleza. Mashine haijaona chumvi. Hata maji haijayaona. Imepima ukinzani wa ardhi, yaani jinsi udongo na mwamba unavyoupinga umeme.

Vigingi vinne vya chuma hupigwa ardhini kwa mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya kati hupima volti, kisha ukinzani hukokotolewa kwa kizio kiitwacho ohm-mita: namba ikiwa ndogo, umeme unapita kwa wepesi. Vigingi vya nje vikitanuliwa, umeme huzama zaidi na kipimo hufika chini zaidi.

Maji ya bahari husoma takriban ohm-mita 0.2 tu, kwa kuwa chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme kwa wepesi. Mchanga uliojaa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, husoma makumi ya ohm-mita, pengine hata 100. Ukijaa maji ya bahari, hushuka hadi karibu na 1. Kwa pengo kubwa namna hiyo, mtu huona hawezi kukosea.

Anakosea kwenye mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi zenyewe hupitisha umeme, hivyo mfinyanzi uliolowa maji matamu kabisa unaweza kusoma 5 au 10, palepale unaposoma mchanga wenye maji ya chumvichumvi. Na Dar es Salaam ni mji wa mchanga na mfinyanzi uliopangana tabaka juu ya tabaka! Mwenye kiwanja huambiwa aache kuchimba, kumbe chini ya ule mfinyanzi kuna mchanga wenye maji safi, tena uliokingwa na huohuo mfinyanzi.

Halafu kuna neno "bahari imeingia", yaani maji ya bahari yamepenya ardhini. Kuingia ni mwendo. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Pampu zikishusha maji hayo kwa mita 1, mpaka wa chumvi hatimaye unaweza kupanda kwa mita 40. Huko ndiko kuingia. Lakini chumvi nyingine imo ardhini tangu zamani, na kipimo cha siku moja hakiwezi kuitenganisha na ile inayoingia sasa. Rudia mstari uleule masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka: mfinyanzi hautahama, mpaka wa chumvi utasogea.

Kwa hiyo ripoti iandikwe hivi: "Kuanzia mita 30 kuna tabaka la ukinzani mdogo, huenda ni mfinyanzi, huenda ni maji ya chumvi. Yapimwe maji ya kisima cha jirani chenye kina hicho kabla ya kuamua."