India angani: tusianzie mwezini

Tangu chombo cha India, Chandrayaan-3, kitue mwezini tarehe 23 Agosti 2023, swali ninaloulizwa ni lile lile. Niko Arusha, kazi yangu ni kusoma picha za rada zinazopigwa na satelaiti, na mara nyingi kazi hiyo hunipeleka upande wa Moshi kwenye vyama vya msingi vya kahawa. Mzee mmoja wa Kibosho, nilipomwamkia tu, alinirukia nalo: "Marahaba. Hivi mwanangu, hao Wahindi na umaskini wao wote ule, huko mwezini wanafuata nini?"

Ni swali la haki, ila limeanzia mbali. Anayeanzia mwezini hauelewi mpango wa anga wa India, na wala haoni unaweza kuvunjikia wapi.

Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ndogo ya utafiti, tena ya Kimarekani, ilirushwa kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala. Palichaguliwa kwa sababu ikweta ya sumaku ya dunia, mstari ambako sindano ya dira hulala bapa, inapita karibu. Kanisa la kijiji likageuzwa ofisi, vipande vya roketi vikabebwa kwa baiskeli. Picha ya baiskeli ile imezunguka sana mitandaoni, lakini wanaoisambaza hawasemi roketi zile zilikuwa za nini. Vikram Sarabhai, mwanafizikia aliyeuasisi mpango huo, hakuwa na haja ya kushindana na mtu kwenda mwezini. Alitaka televisheni ifike vijijini na mvua itabirike. Mwaka 1975 na 1976 waliazima satelaiti ya Marekani, wakarusha vipindi vya kilimo na afya kwenye vijiji vipatavyo 2,400. Yao wenyewe ya kazi hiyo hawakuwa nayo bado, na hawakusubiri waipate ndipo waanze.

Matunda ya msimamo huo yapime kwa vimbunga. Oktoba 1999 kimbunga kikuu kilipiga Odisha, pwani ya mashariki, kikaua watu wapatao 10,000. Oktoba 2013 kimbunga Phailin kilipiga pwani ile ile. Safari hii karibu watu milioni moja walikuwa wameshahamishwa, na waliokufa hawakufika 50. Nisieleweke vibaya: satelaiti zilikuwepo hata 1999. Kilichobadilika ni utabiri, majengo ya kujikinga na serikali ya jimbo iliyokubali kuamka mapema. Picha bila mtu wa kuifanyia kazi ni pambo la ukutani. Hata hivyo, bila macho yale ya angani, hakuna ofisa ambaye angethubutu kuwahamisha watu wengi kiasi kile jua likiwa bado linawaka.

Sasa nije kwenye injini, maana hapa ndipo ninapoupenda mpango huu. Kupandisha satelaiti nzito hurahisishwa sana na injini inayochoma haidrojeni na oksijeni za kimiminika, na haidrojeni hiyo lazima ikae kwenye nyuzijoto 253 chini ya sifuri. India ilikubaliana na Moscow iuziwe injini pamoja na ujuzi wa kuzitengeneza. Mwaka 1992 Marekani ikaweka vikwazo, ikidai ujuzi huo ungeishia kwenye makombora. Warusi wakauza injini zilizokamilika, ujuzi wakabaki nao. Wahindi wakaanza kuchonga ya kwao. Aprili 2010 jaribio la kwanza liliishia baharini. Januari 2014 ikafaulu. Na tarehe 30 Julai 2025 roketi ya GSLV, yenye injini hiyo ya nyumbani, ilipandisha NISAR, satelaiti ya pamoja ya India na NASA. Marekani iliyokataza injini ndiyo iliyokuja kuipakia mzigo wake. Siasa ina vichekesho.

NISAR ndiyo inayonihusu mimi na yule mzee. Mitelemko ya Kilimanjaro na Meru hufunikwa na mawingu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kamera ya kawaida inakupa picha ya pamba tupu. Rada hupenya mawingu. Tatizo ni kihamba. Kihamba cha Mchaga kina migomba juu, mibuni chini yake, na miti mirefu ya kivuli, na vyote vinatikiswa na upepo. Rada za Ulaya tulizozitegemea kwa miaka mingi hutumia mawimbi ya sentimita 5.6, na wimbi fupi namna hiyo hugonga jani la mgomba likarudi. Ukilinganisha picha mbili zilizopishana siku 12, majani yameshageuka na kipimo kimevurugika: kwenye skrini unaona chengachenga za rangi badala ya mistari safi. Wimbi kubwa la NISAR lina urefu wa sentimita 24. Hilo hupita katikati ya majani likagonga shina na udongo. Kwa mtu anayetaka kujua mteremko upi unasogea polepole chini ya vihamba kabla ya masika, tofauti hiyo ni usiku na mchana.

Na tuna volkano ya Ol Doinyo Lengai. Julai 2007, ardhi ilipotetemeka upande wa Gelai na Ziwa Natron, mitetemo ilisikika hadi huku mjini. Rada ndizo zilizoonyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza chini kwa chini bila kutokeza juu. Wiki chache baadaye Lengai ikalipuka. Satelaiti inayopita juu yetu kwa ratiba ile ile na kupima ardhi iliyosogea kwa sentimita chache, kwetu ni chombo cha usalama.

Mwezi nitausema kwa kifupi. Roketi za India hazina nguvu ya kurusha chombo moja kwa moja, kwa hiyo kwanza hukizungusha dunia, kila mzunguko kikipewa msukumo kidogo, kama mtoto kwenye bembea, mpaka kifike mbali. Ndiyo maana Chandrayaan-3 ilitumia siku 40. Ile ya mwaka 2019 ilianguka hatua za mwisho: injini zilisukuma kuliko ilivyopangwa, makosa yakajumlishana, na programu haikuruhusu chombo kijigeuze haraka kiasi cha kujiokoa. Waliporudi, waliongeza mafuta, wakaimarisha miguu, na eneo la kutua wakalipanua kutoka nusu kilomita kwa nusu kilomita hadi kilomita 4 kwa 2.4. Walijiuliza nini kinaweza kuharibika, kisha wakatengeneza chombo kinachovumilia uharibifu huo.

Ningependa nidhamu hiyo ionekane pia kwenye mambo yasiyo na vigelegele. Haionekani vya kutosha, na hapa ndipo naona hatari kubwa kuliko ya mwezini.

Chukua NavIC, mfumo wao wa kuonyesha mahali ulipo, jibu lao kwa GPS ya Marekani. Roho ya mfumo wa aina hiyo ni saa za atomiki. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300 ardhini. Satelaiti ya kwanza ilirushwa 2013, na kufikia 2016 saa zake zote tatu zilikuwa zimekufa. Mbadala wake ukarushwa Agosti 2017, kifuniko cha juu cha roketi kikagoma kufunguka, satelaiti ikabaki imefungwa ndani. Januari 2025 nyingine, NVS-02, ilifika angani salama, lakini valvu ya kuingiza kioksidishaji, kemikali inayowezesha mafuta kuwaka, kwenye injini haikufunguka, ikakwama kwenye mzingo usiofaa. Katikati ya 2025, kati ya satelaiti 11 zilizokuwa zimerushwa, ni nne tu zilizotoa huduma ya mahali. Mei mwaka huo huo PSLV, roketi yao waliyoitegemea kwa miaka mingi, ilifeli hatua ya tatu ikiwa na satelaiti ya rada.

Mwezini chombo kimoja kikitua umemaliza kazi. Mfumo wa mahali unadai ukarabati miaka nenda rudi, bila kamera ya televisheni. Fedha na wahandisi ni wale wale, na sasa wanatakiwa pia kupeleka wanaanga wao kwa chombo chao wenyewe. Sisemi wasiwapeleke. Ila ningekuwa mbunge wa New Delhi, ningeuliza kwanza habari za saa.

Hatari nyingine inaweza kutuangukia hata sisi. Tarehe 27 Machi 2019 India ililipua satelaiti yake kwa kombora, kwenye kimo cha kilomita 300 hivi. NASA ililalamika kwamba vipande 24 vilirushwa juu kuliko kituo cha kimataifa cha anga. Kwa sababu kimo kilikuwa kidogo, vifusi vingi viliungua haraka, tofauti na vile vya satelaiti ambayo China ililipua mwaka 2007, ambavyo vingi bado vinazunguka. Lilikuwa onyesho la misuli, na mimi sikulipenda. Kisha Julai 2023 silinda kubwa ilikutwa ufukweni Green Head, Australia, na wenyeji wakaelezwa kuwa yaelekea ni hatua ya tatu ya PSLV, yaani sehemu ya roketi inayoachwa ikimaliza mafuta.

Lakini tusiwabambikie yasiyo yao. Pete ya chuma ya kilo 500 hivi ilipoanguka Mukuku, Makueni, huko Kenya nyuma ya Kilimanjaro, tarehe 30 Desemba 2024, minong'ono ikasema ni ya India kwa kuwa siku hiyo walirusha roketi. Pete ilianguka mnamo saa tisa alasiri. Roketi ya India iliondoka saa moja na nusu usiku kwa saa zetu.

Kitu cha namna hiyo kikidondoka shambani kwako, usikiguse, na usimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Baadhi ya matangi hubaki na haidrazini, sumu inayopita hata kwenye ngozi. Mwite mtendaji wa kijiji, zuia watoto na mifugo, piga picha kwa mbali, ukilenga namba zozote zilizochongwa. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi iliyorusha hulipa hasara ya ardhini hata kama haikufanya uzembe, madai hupitia serikalini, na muda wake ni mwaka mmoja. Namba hizo ndizo zitakazosema barua iende Paris, Beijing au New Delhi.