Bangi, Tiba na Usiri: Ufafanuzi kwa Familia za Kilatino za California

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa familia za Kilatino (zenye asili ya Amerika ya Kilatini) hapa California yanafanana: mzazi amegundua kwamba mwanawe anavuta bangi, lakini anasita kumpeleka kwenye tiba kwa kuhofia kwamba habari zitawafikia maofisa wa uhamiaji. Hofu hiyo tunaielewa. Kinachotuchosha ni dhana inayoambatana nayo, kwamba bangi imeruhusiwa, kwa hiyo hakuna tatizo.

Kura ya wananchi wa California ya mwaka 2016, iitwayo Proposition 64, iliwaruhusu kutumia bangi wenye umri wa miaka 21 na kuendelea tu. Aliye chini ya miaka 18 akikutwa na bangi isiyozidi gramu 28.5 hafungwi, kwa kosa la kwanza huamriwa kuhudhuria saa 4 za elimu au ushauri nasaha na kufanya hadi saa 10 za kazi za kijamii, na kwa kosa linalofuata saa 6 na hadi saa 20. Sheria ya shirikisho (ya Marekani nzima) inayokataza bangi, ambayo ndiyo inayotumika katika uhamiaji, haikubadilishwa na kura hiyo. Asiye raia akikiri mbele ya ofisa kwamba ametumia bangi anaweza kunyimwa kibali cha uhamiaji hata kama hajawahi kutiwa hatiani, na risiti ya duka lenye leseni haimsaidii kitu.

Tiba ni suala jingine. Kumbukumbu za vituo vya tiba ya uraibu vinavyopata fedha za shirikisho hazitolewi bila ridhaa ya maandishi ya mgonjwa, isipokuwa katika mazingira machache kama dharura ya kiafya, taarifa ya ukatili dhidi ya mtoto au amri mahususi ya mahakama. Kijana wa miaka 12 na kuendelea anaweza kuridhia tiba mwenyewe, ingawa mtaalamu hutakiwa kumshirikisha mzazi inapofaa.

Na mzazi anahitajika kweli, kwa kuwa Marekani haijaidhinisha dawa yoyote ya kutibu uraibu wa bangi. Tiba ni mazungumzo, na mojawapo ya njia zinazotumika, ya kuitibu familia nzima, ilianzia Chuo Kikuu cha Miami miaka ya 1970 miongoni mwa familia za Wakuba, chini ya mwanasaikolojia José Szapocznik. Ilionekana kwamba watoto hushika Kiingereza na desturi za Marekani upesi kuliko wazazi wao, na pengo hilo huzaa ugomvi nyumbani.

Pengo hilo huongezeka pale binti mdogo anapoketishwa kituoni amtafsirie mama habari za kaka yake: binti huyaruka maneno mazito, mama huitikia kwa kichwa, na fomu ya ridhaa husainiwa bila kueleweka. Mtoa huduma anayepata fedha za shirikisho haruhusiwi kumfanya mtoto mkalimani nje ya dharura. Mzazi aombe mkalimani anapopanga miadi. Huduma hiyo ni bure, na asikubali kuambiwa aje na mkalimani wake mwenyewe.