Mosel na motahomu: mnavyoambiwa na ilivyo kweli

Kila nikisema naenda Mosel, bonde la mto lenye mashamba ya zabibu za waini huko Ujerumani, na motahomu (gari lenye vitanda na jiko ndani), mtu ananiambia si utapaki tu popote kando ya mto ulale. Jamani hapana. Ujerumani unaruhusiwa kulala usiku mmoja ndani ya gari sehemu ya kupaki ili upumzike uweze kuendelea na safari, kama hakuna kibao kinachokataza, ila ukishatoa viti na meza nje hiyo ni kempingi na faini inakuhusu. Na zile njia nyembamba za kwenye mizabibu ni za wakulima, usiingize gari kabisa. Tafuta Stellplatz, ndo sehemu rasmi za motahomu, ziko nyingi kati ya miji ya Trier na Koblenz, nyingine ziko uani kwa mkulima wa waini mwenyewe. Za ukingoni kabisa mwa mto angalia kwanza hali ya maji, maana Mosel hufurika, hasa majira ya baridi, na zinafungwa.

Leseni ya lori nayo watu wanaiogopa bure, motahomu isiyozidi tani 3.5 unaendesha na leseni ya B, ile ya gari la kawaida.

Halafu hili linaniuma zaidi, eti waini ya Kijerumani yote ni sukari tupu. Soma lebo! Ukiona trocken hiyo ni kavu, yaani si tamu, feinherb iko katikati ya kavu na tamu. Kabinett na Spätlese ni madaraja ya waini, zinapima zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvuna, si utamu ulioko kwenye glasi, ndo maana utakuta Spätlese trocken na ni kavu, mtu akionja anashangaa.

Wengine wanadhani kilimo hiki kilianza na watawa wa kanisa, kumbe Warumi walikuwepo kabla. Kijiji cha Piesport kuna kinu cha kukamulia zabibu cha karne ya 4 cha Warumi, na kijiji cha Neumagen lilipatikana jiwe limechongwa meli imebeba mapipa ya waini, la mwaka 220 hivi, lenyewe liko makumbusho ya Trier. Riesling, aina ya zabibu nyeupe, ndo ilisukumwa sana baadaye, 1787, askofu mtawala wa Trier alipoamuru mizabibu dhaifu ing'olewe. Na usifikirie shamba tambarare, kilima cha Calmont pale kijiji cha Bremm mteremko unafika nyuzi 65, watu wanavuna kwa mikono.

Na lile la "naonja kidogo kila kijiji naendelea"? Kikomo cha pombe kwa dereva ni promili 0.5, yaani nusu gramu kwa kila kilo ya damu, chini ya miaka 21 au leseni mpya ni sifuri. Paki kwenye miji ya Cochem au Bernkastel-Kues, zima gari, onja kwa miguu, kesho uendelee.