Si Baridi ya Mbeya Inayoharibu Shira Yako

Wiki hii nimeletewa tena tufaha la karameli lisilotafunika. Aliyelitengeneza ni mama mmoja wa Uyole, mtu makini, na alinieleza yale niliyokwisha kuelezwa na wengi kabla yake: kwamba kwa kuwa huku kwetu kuna baridi, aliizidisha shira nyuzijoto chache juu ya maelekezo ili iive sawasawa. Nililigonga tufaha hilo ukingoni mwa meza. Karameli haikubonyea hata kidogo, ikalia kama kikombe cha kauri.

Ninaomba tuachane na imani hii. Kinachobadili upishi wa shira hapa si baridi bali ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, iwe asubuhi ya Julai yenye baridi kali au mchana wa Oktoba wenye jua. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva. Dawa ya maharage ni kuyaongezea muda, na watu wameihamishia dawa hiyo kwenye sukari, ilhali shira haiivi kama maharage. Shira hukaukiwa maji. Kipimajoto kilichozamishwa ndani yake hutuonyesha ni maji kiasi gani yamebaki. Shira ya sukari na maji, ile inayolivika tufaha ganda jekundu linalovunjika, ikifika nyuzijoto 150 kule pwani, huwa imebakiwa na maji karibu asilimia 1. Hapa hufikia ukavu uleule kwenye 144. Karameli ya maziwa na siagi ambayo maelekezo yanaitaka ifike 118, sisi tunaiepua kwenye 112. Anayeifikisha 118 akiwa Mbeya amepika karameli ya 124 ya Dar es Salaam, na hiyo tayari ni ngumu mno kwa meno, kabla hata hajaongeza chochote kwa ajili ya baridi.

Chemsha maji matupu, soma kipimajoto chako, kisha upungufu utakaouona chini ya 100 uutoe kwenye kila kipimo cha maelekezo. Walioko Njombe, ambako ni juu zaidi, watatoa zaidi yangu. Asiye na kipimajoto adondoshe tone katika maji baridi: la ganda gumu hukatika kwa mlio, la karameli hufinyangika kuwa kidonge kinachobonyea kwa shida.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haitatui suala la rangi. Maziwa na sukari hukolea kwa joto lenyewe, si kwa upungufu wa maji, hivyo karameli inayoepuliwa kwenye 112 hutoka na rangi hafifu na ladha iliyopoa kuliko ya pwani. Mimi huipika kwa moto mdogo ili ikae jikoni muda mrefu zaidi, lakini bado siridhiki, kwani mara nyingine hushika chini ya sufuria kabla ya kukolea.

Mengine ni mepesi. Kwa ganda jekundu la matufaha 6 madogo hutosha gramu 400 za sukari, mililita 120 za maji na kijiko cha chai cha ndimu, ambayo huizuia shira isirudi kuwa chenga. Ndimu hazilingani ukali, kwa hiyo sijapata kipimo kimoja kinachofaa kila mara. Ikishaanza kuchemka usiikoroge. Matufaha yaoshe kwa maji ya moto yatoke nta, yakaushe kabisa, wala yasitoke kwenye friji, maana yatatoa jasho na ganda litateleza.

Baridi yenyewe hainisumbui. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa yetu ni kavu, na ganda hubaki liking'aa hadi kesho yake. Januari, mvua ikinyesha, tufaha lililochovywa asubuhi huanza kunata vidoleni kabla ya jioni.