Matangazo nayo yabaki: namna ninavyookoa picha zilizorekodiwa nyumbani

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Kondoa alifika kwenye karakana yangu hapa Makole, Dodoma, akiwa na mfuko wa rambo wenye mikanda minne ya video. Mmoja wao aliutenga na kuuweka mezani peke yake. Ulikuwa na picha la Kihindi ambalo kaka yake, sasa marehemu, alilirekodi kutoka kwenye televisheni, nao wakalitazama utotoni mpaka wakajua kila mahali steringi anapopigwa. “Fundi,” aliniambia, “hayo matangazo yatoe yote, mimi nataka picha tu.”

Ombi hilo nimelizoea, na jibu langu halibadiliki: nakala ya kutazama sebuleni nitaikata upendavyo, lakini nakala mama haikatwi hata sekunde moja. Filamu yenyewe mara nyingi ingali ipo kwa wenye haki nayo, tena katika ubora ambao mkanda wa nyumbani hauufikii kamwe. Kisichopatikana kwingine ni jioni ile ilivyorushwa hewani: sauti ya mtangazaji akikaribisha taarifa ya habari katikati ya picha, tangazo la sabuni, na pale picha inapokatika ghafla kwa sababu umeme ulikatika mtaa mzima. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, na baada ya miaka michache tu diski zikaanza kuisukuma deki pembeni, kwa hiyo kipindi ambacho familia za huku zingeweza kurekodi matangazo ya namna hiyo kwenye mkanda kilikuwa kifupi sana.

Ukanda wa pwani, kwa joto lake la unyevu, huitesa mikanda kwa ukungu, ule utando mweupe unaoonekana kupitia kidirisha cha kaseti. Huku Dodoma adui mkubwa ni vumbi. Ili kulielewa tatizo, fikiria kwamba ngoma ya deki, yaani silinda yenye vichwa vinavyosoma mkanda, kwa mfumo wa PAL uliotumika kwenye televisheni za huku, huzunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mzunguko husoma mistari miwili ya sumaku iliyolala mshazari juu ya mkanda, kila mstari ukiwa na upana wa maikromita 49 tu, yaani mwembamba kuliko unywele wa kawaida. Chembe ya mchanga ikipita hapo, hukwaruza mistari mingi kwa mara moja, na mkwaruzo huo hauna dawa. Waliorekodi kwa mwendo wa polepole ili mkanda wa saa tatu uchukue saa sita waliupunguza upana huo kwa nusu, na ndiyo maana mikanda yao mara nyingi huonyesha chenga kwenye deki isiyokuwa ile iliyorekodi.

Kwa hiyo mkanda wa mgeni hauingii kwenye deki siku ileile. Nafungua skrubu tano za ganda, nakagua, kisha nauzungusha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho ukipita kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Nilijifunza hayo kwa aibu: miaka ya mwanzo niliutumbukiza mkanda wa mteja moja kwa moja, nikaubonyezea kwenda mbele kwa kasi, deki ikaula, na dakika nzima ya harusi ikatoka imekunjamana kama karatasi ya andazi. Ukikatika, huungwa kwa utepe maalumu. Selotepu ya kawaida huachia gundi ambayo huishia kwenye vichwa. Vichwa navyo husafishwa kwa spiriti safi na ngozi laini, wala si kwa pamba, kwa kuwa nyuzi zake hunasa na zinaweza kukivunja kichwa.

Deki zenyewe ni za kutunzwa kama yai. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyobaki ya mwisho, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016, na tangu hapo mafundi tunaishi kwa kung'oa vipuri kwenye zilizokufa.

Picha naichukua kwa ukubwa wake halisi, nukta 720 kwa 576, bila kuinyoosha ijaze skrini pana, kisha naihifadhi kwa mbano usiopoteza kitu, ambao kwa saa moja hula takribani gigabaiti 30. Wateja hushangaa, maana wanayo simu yenye filamu nzima kwa gigabaiti moja. Hiyo ya gigabaiti moja nawapa pia, iliyokatwa na nyepesi, ila isiwe ndiyo pekee.

Mkanda wa yule mama ulikuwa na jambo jingine. Kile kipande cha plastiki nyuma ya kaseti, ambacho kikivunjwa deki hukataa kurekodi, kilikuwa kimevunjwa, kisha tundu likazibwa kwa selotepu. Yaani mtu aliulinda mkanda, halafu mwingine akaurekodi upya. Niliacha deki iendelee baada ya picha kwisha. Zikapita chenga, kisha ikatokea mechi ya mpira, dakika kumi na moja za kipindi cha pili, na karibu na maikrofoni ya kamera vijana wakishangilia. Nilimpigia simu kumuuliza kama nayo niikate. Alinyamaza kidogo, akasema kaka yake alikuwa hakosi mpira, niiache.